Mtani Wangu wa Chama Kingine

Mama alifariki asubuhi, katika hospitali moja kusini-magharibi mwa Houston. Nilipomaliza kumfumba macho nikatoka kwenye korido nikampigia simu mtu ambaye mara ya mwisho tulipoonana hatukuagana. Hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Nikamwachia ujumbe wa sauti, mfupi, maana nilikuwa na msiba na nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilitaka kutoka kwa pamoja: "Mama amekufa. Njoo ufanye kazi yako."

Binti yangu alikuwa amesimama karibu yangu, macho yamemvimba. "Mom, he's not gonna come," akasema. Nikamwambia anyamaze. Mama hakuomba mengi kuhusu mazishi yake. Hakutaka mashada ya maua, hakutaka hata kurudishwa Songea, alisema atakuwa ameshachoka na safari. Aliomba jambo moja tu, kwamba mtani wake amzike. Na mtani huyo alikuwa Carrollton, kule juu karibu na Dallas, hapokei simu yangu.

Kwa asiyeyajua mambo haya, nieleze. Mimi ni Mngoni wa Songea, yeye ni Mhehe wa Iringa, na makabila hayo mawili ni watani. Zamani mababu zetu walipigana vita vibaya sana, wakachomeana nyumba, wakachukuliana ng'ombe na watu, mpaka ikafika mahali ikaonekana hakuna atakayemmaliza mwenzake. Basi wakaanza kutaniana. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya nyama mkononi na kukuita mtumwa wake, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Lakini siku ukifiwa, yeye ndiye anayetangulia kufika. Anachota maji, anachimba kaburi, na wakati watu wanalia yeye anamwigiza marehemu, anatembea kama yeye na kugomba kama yeye, analikalia jeneza na kutangaza kwamba halishuki mpaka yeye aridhike. Watu wanacheka huku machozi yanawatiririka. Mama alisema mtu aliyezikwa bila kuchekwa amezikwa nusu.

Huyu Mhehe nilikutana naye Alief, miaka ile ya mwanzo ya kuishi Texas, kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto wa jirani. Alikuwa anachoma mbuzi nyuma ya nyumba, jasho linamtoka, ana koleo mkononi. Akaniuliza kwetu wapi. Niliposema Songea akaweka koleo chini.

"Mtumwa wangu! Kumbe uko huku? Nani amekufungulia?"

Akachukua paja la mbuzi lililokuwa kwenye sahani yangu akaling'ata palepale, mbele ya watu nisiowajua. Nilikuwa sijacheka tangu nishuke uwanja wa ndege. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi. Nikamwambia sisi hatufungwi na watu wanaokula mbwa. Akasema afadhali mbwa kuliko Wangoni, waliokimbia kutoka Afrika Kusini hadi Songea, wakaishiwa pumzi, wakasema basi tujenge hapahapa. Tangu siku ile akawa mtu wa nyumbani. Ndiye aliyemfundisha binti yangu kuendesha gari, kwenye maegesho ya duka la unga na dagaa, anampigia kelele kwa Kiswahili na mtoto anamjibu kwa Kiingereza. Mama alipokuja kuishi nami kutoka Songea, salamu ya Mhehe mlangoni ilikuwa ileile kila siku.

"Wewe bibi, bado hujafa tu?"

"Nasubiri wewe utangulie, mla mbwa."

Halafu wanakaa wanakunywa chai hadi mchana unaisha.

Sasa nifike kwenye siasa, maana ndizo zilizotuletea haya. Marekani ina vyama viwili vikubwa, na kila kimoja kina mnyama wake, kimoja punda, kingine tembo. Tulipata uraia mwaka mmoja, mimi na yeye. Nikamwambia mimi nitakipigia kura chama cha punda, nikampa na sababu zangu, nilikuwa nimezifikiria. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Basi mimi tembo," akasema.

"Kwa nini?"

"Sasa na mimi nikija kwa punda, nani atakutania?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake, nzima, hakuwa na nyingine. Nami niliiona ni sababu safi kabisa. Tulidhani nchi hii imepangwa hivyo makusudi, kama kwetu. Mnakuwa makundi mawili yaliyowahi kugombana, mnasutana hadharani, mmoja anakaa kitini na mwingine anamzomea, kisha mnabadilishana. Mama alipoona mdahalo wa kwanza kwenye televisheni aliniomba nimtafsirie. Nikamtafsiria. Akatikisa kichwa kwa furaha. "Kumbe na Wazungu wana watani!" Nikamwambia ndiyo mama, wanao. Sikuwa nadanganya, ndivyo nilivyoamini.

Kwa hiyo tukaanzisha desturi yetu. Kila baada ya uchaguzi, chama kilichoshindwa kilifanyiwa msiba nyumbani kwangu. Aliyeshindwa anapika, anakaa chini amejifunika khanga kichwani, na mshindi anakuja kama mtani wa marehemu. Mwaka mmoja punda alikufa, Mhehe akaingia sebuleni kwa miguu minne, analia kama punda mwenye kikohozi, akazimia katikati ya zulia, akafufuka kuuliza kama ugali umeiva, akazimia tena. Mama ndiye aliyekuwa anaongoza kilio. Tembo naye alipokufa nilifunga soksi ndefu puani nikamzunguka Mhehe nikimlaumu kwa nini hakumpa marehemu maji. Majirani zetu, familia ya Wakongo, walikuja kuchungulia wakidhani kuna maiti kweli. Walipoelezwa wakakaa wakala nasi, na yule baba akasema kwao uchaguzi ukiisha watu wanakimbia, hawapiki.

Nasema haya ili ieleweke kwamba hatukuwa watu wa kugombania siasa. Siasa zilikuwa chumvi.

Halafu Mhehe akapata kazi ya lori, akahamia Carrollton. Alikuwa anashusha mizigo Houston, anarudi, barabara ileile ndefu iliyonyooka, ng'ombe upande huu, ng'ombe upande ule. Mtu akiwa peke yake kwenye lori anahitaji sauti, na yeye akapata ya mtangazaji mmoja wa redio. Lazima nikiri yule bwana alikuwa na sauti nzuri, nzito na ya taratibu, kama ya mjomba anayekupenda. Anaanza na habari za hali ya hewa, anacheka kidogo, kisha anakueleza nani amepanga kukumaliza. Kwenda na kurudi, Mhehe alikuwa anasikiliza mtu mmoja akimweleza jambo moja.

Na mimi nilikuwa na wangu, sijifichi. Alikuwa mwanamke wa televisheni, mwenye miwani na maneno yaliyopangwa vizuri. Nikitoka kazini, maabara ya hospitali, ninavua viatu na kukaa naye jioni. Wa kwangu hakuwa anapaza sauti, alikuwa anasikitika. Anasikitika hivi, anakunja uso, na wewe unaona kabisa kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kuwa upande ule mwingine. Yule wa redio alikuwa anauza chakula cha makopo cha kuweka stoo kwa ajili ya siku mbaya. Wa kwangu kila dakika chache alikatizwa na matangazo ya dawa za usingizi. Walikuwa wanatutia hofu wenyewe, kisha wanatuuzia dawa ya hofu, na sisi tunalipa tukishukuru.

Wale watangazaji hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Kila mmoja alikuwa anamtukana mtu asiyekuwepo, na mtu asiyekuwepo hawezi kukurudishia. Mimi nikimwita Mhehe mla mbwa namwangalia usoni, najua amelala vibaya au amelala vizuri, najua leo niishie wapi. Na najua kwamba siku yangu ikifika yeye ndiye atakayeshika koleo. Huwezi kumtakia kifo mtu ambaye unamtegemea akuzike. Watangazaji wetu hawakuwa wanamtegemea mtu wa upande wa pili kwa lolote. Kwao mwenzao akifa leo ni heri, wataenda kula chakula cha mchana.

Dalili ya kwanza ilikuwa ule msiba wa uchaguzi. Mwaka mmoja chama chake kilishindwa, na Mhehe hakuja kupika. Nikampigia, nikamwambia khanga iko tayari. Akasema hawakushindwa. Nilidhani anatania, nikacheka, naye akakata simu. Mwaka mwingine kikashindwa changu, yeye akaja mwenyewe hadi mlangoni, amenunua na mbuzi, anataka kuingia kwa miguu minne kama zamani. Mimi ndiye niliyemzuia. Mtangazaji wangu alikuwa amesema huu si wakati wa kucheka, kucheka ni kukubali. Nikarudia maneno yake kama yalivyo, neno kwa neno, nimesimama mlangoni kwangu. Mama akatoka chumbani akauliza kuna nini, mbona mgeni haingizwi ndani. Mhehe akamwachia mama yule mbuzi, akaondoka. Mama alikaa siku nzima hanisemeshi.

Baada ya hapo Mhehe akawa anakuja kwa kusuasua, akipita Houston, kwa heshima ya mama. Siku yake ya mwisho kula nyumbani kwangu alikuta nimewasha televisheni, mtangazaji wangu anasikitika.

"Zima hiyo," akasema.

"Zima mwenyewe, tembo, si una mkonga mrefu."

Hakucheka. "Watu wenu wanaimaliza hii nchi na wewe uko hapa una-enjoy."

Mama akaacha kula. "Watu wenu ni akina nani?"

"Hawa mama, chama chao."

"Huyu ni mtumwa wako. Ana chama gani yeye?"

Nilicheka peke yangu. Halafu sijui nini kilinishika, nikamwambia hayo si maneno yake, ni ya redio, amemezeshwa kwenye lori kama kuku anavyomezeshwa dawa. Akanijibu kwamba na mimi basi niseme neno moja ambalo sijalisikia kwenye hiyo televisheni. Nikafungua mdomo. Neno halikuja haraka. Mhehe akanawa mikono, akamwambia mama kwaheri, akatoka, na bakuli la nyama limejaa.

"Mhehe kuacha nyama!" mama akasema mlango ulipofungwa. Alikuwa ameogopa kweli.

Vita vikahamia kwenye simu. Watanzania wa Texas tulikuwa na kundi letu la kupashana habari za misiba, harusi na nani anauza mahindi mabichi. Asubuhi Mhehe anatuma sauti ya mtangazaji wake, jioni mimi natuma video ya wangu. Watu walituomba tuache, tukaona wanapendelea upande. Siku moja nilituma kipande ambamo yule mwanamke alisema watu wa chama cha tembo si wa kubishana nao tena, si wa kukaa nao meza moja. Nilituma hivyohivyo, bila neno. Mhehe akajibu kwa kipande cha yule bwana wake, kinachosema wahamiaji wanaounga mkono punda wanaichukia nchi iliyowapokea. Kisha akajitoa kwenye kundi.

Ndipo moyo wa mama ukaanza kuchoka. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Kila nikiingia wodini swali lake lilikuwa moja.

"Mhehe wangu amefika?"

"Yuko barabarani, mama."

"Mwambie aje mapema, nimtukane mwenyewe kabla sijafa. Na siku ya kunizika aniigize vizuri, asinifanye kilema. Mguu wangu mbovu ni wa kushoto."

Nilianza kuogopa. Nilikuwa nimezoea kuona damu za wagonjwa kwenye maabara na namba zinazosema kweli, na namba za mama nilizijua. Hakuwa na muda. Jumapili, baada ya misa, nikaendesha gari hadi Carrollton. Njia nzima nilimsikiliza mtangazaji wangu kwenye simu, kwa mazoea tu, nikafika nimechemka kwa jambo ambalo hata sasa silikumbuki.

Mhehe alikuwa kwenye gereji yake, mlango umefunguliwa, anabadilisha oili. Redio iko juu ya meza ya vifaa. Hakutukana. Mimi pia sikutukana. Tuliangaliana kama watu wanaodaiana.

"Mama anakuulizia," nikasema.

"Najua. Mtoto ali-text."

"Sasa?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Ile clip uliyotuma. Kwamba watu kama mimi si wa kukaa nao meza moja. Ulikuwa unanitania?"

Mtani akiulizwa swali kama hilo anajibu kabla halijaisha, na anajibu kwa tusi kubwa zaidi. Nilikuwa nalo moja, la mbwa na ulanzi, ile pombe yao ya mianzi, lilikuwa hapa mdomoni kabisa. Lakini nilikawia, naye akaona ninavyokawia.

"Na yako?" nikamuuliza. "Kwamba naichukia nchi iliyonipokea. Ulikuwa unatania?"

Akatazama redio. Yule bwana alikuwa anacheka kwa sauti yake nzuri, anacheka mzaha wake mwenyewe. Tukamngoja amalize, sijui kwa nini, kama vile mzee ndiye anayeongea na sisi tumetakiwa kunyamaza. Alipomaliza, Mhehe akachukua spana yake. Nikarudi kwenye gari. Nilimwambia mama kwamba Mhehe amesema atakuja, na mama akalala vizuri, na baada ya hapo hakupata nguvu ya kuuliza tena.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya simu ile ya korido.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa watu. Akina mama wa Alief na Sharpstown walikuja na masufuria yao, wakapika, wakaimba. Kila aliyeingia alinipa pole kisha akauliza, "Mtani wenu amefika?" Nikasema yuko njiani. Wengine, kwa nia njema, wakasema kuna kijana mmoja Mhehe anasoma Fort Worth, ni mchangamfu, aitwe. Nikakataa kwa ukali, mpaka dada mmoja akaweka mwiko chini akanitazama. Mama hakuomba Mhehe yeyote. Aliomba yule. Kijana wa Fort Worth hakumjua mama anavyogomba, angemwigiza bibi yeyote tu.

Nilikwenda kumwona msimamizi wa nyumba ya mazishi, mzee mmoja wa Texas mwenye sauti ya kunong'ona, kumwandaa. Nikamweleza kwamba pale makaburini anaweza kutokea mwanaume akachechemea kama marehemu, akapiga kelele, akalikalia jeneza. Nikamwomba asiite polisi.

"Is he family?" akauliza.

Nikafikiri. "No. He's our enemy. From a long time ago."

Yule mzee aliniangalia, nikadhani ataniona nimechanganyikiwa kwa huzuni. Akaniuliza tu kwa upole, huyo adui atahitaji muda gani. Nilimwambia itategemea tumelia kiasi gani. Akasema atamwachia nafasi baada ya sala, kabla ya jeneza kushuka, na kwamba hatamharakisha mtu. Nilitoka pale nikiwa na tumaini, nikijiambia kwamba kama Mmarekani ameelewa, Mhehe hawezi kushindwa.

Kanisani hakuja. Nilikaa mbele lakini masikio yangu yalikuwa nyuma, kila mlango ukilia nageuka. Padre alihubiri, sikusikia kitu. Binti yangu alinishika mkono akaubana, na safari hii hakusema kwamba alinionya.

Makaburini jua lilikuwa limewaka vilivyo, joto lile la Houston linalokukaba shingoni. Jeneza likawekwa juu ya kaburi, kwenye mikanda yake. Padre akafungua kitabu. Hapo nikaliona gari la Mhehe linaingia polepole langoni, likasimama mbali. Akashuka. Alivaa suti nyeusi na tai.

Sitasahau jinsi watu walivyofurahi. Habari ilipita kwenye umati bila mtu kufungua mdomo. Akina mama wakaanza kubanana viwiko, mmoja akaanza kucheka kabisa, kicheko cha mtu anayejua kinachokuja. Wakamfungulia njia iliyokwenda moja kwa moja hadi kwenye jeneza. Mimi mwenyewe niliona miguu yake inakuja nikawa naitazama tu, naisubiri ianze kuchechemea, mguu wa kushoto, kama alivyoagiza mama. Ewe Mungu, nilisema, hatua moja tu, wa kushoto.

Alitembea vizuri. Akalipita jeneza, akaja hadi nilipo, akanipa mikono yote miwili.

"Pole sana, dada," akasema. "Mungu amlaze mama mahali pema."

Miaka yote ile hakuwahi kuniita dada. Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikamshika mikono nisimwachie, nikainamisha kichwa nikasema kwa sauti ya chini, nikimfungulia mlango, "Mtumwa, umechelewa. Marehemu anakusubiri pale."

"Nimekuja kuzika."

"Basi zika."

Padre alikuwa amefika kwenye amina. Watu wakaitikia, kisha wakatulia. Nafasi ya Mhehe ilikuwa imefika. Yule msimamizi alisimama kando ya kaburi, mikono ameikunja mbele, ananitazama mimi, kisha Mhehe, anasubiri kwa subira yake yote. Hakuna aliyesogea. Kwa mbali mashine ya kukata nyasi ilikuwa inanguruma, ikazimwa, na sasa hata hiyo ikawa haipo.

Mhehe akanisogelea sikioni.

"Siwezi," akasema. "Nimejaribu njia nzima kutoka Dallas. Nilizima redio, nikawa natafuta tusi la kukutukana nikifika hapa. Kila nililopata, nilikuwa nalimaanisha kweli."

Niliona ni zamu yangu. Mtani mmoja akikwama mwenzake anamchokoza, ndiyo maana tuko wawili. Neno moja la kijinga kutoka kwangu, mbele za watu, na labda angefunguka. Nikatafuta. Nikatafuta la mbwa, nikatafuta la ulanzi, nikatafuta lile la babu zake waliojificha mapangoni. Kilichonijia mdomoni kilikuwa na sauti ya yule mwanamke wa miwani, na kilikuwa kimenolewa, na kilikuwa ninachokiamini kuhusu mtu huyu aliyemfundisha mwanangu kuendesha gari. Nikakimeza.

"Hata mimi," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa majibu ya vipimo aliyoyajua tayari. Akaniachia mikono. Nikamwashiria msimamizi aendelee, na jeneza likaanza kushuka. Mhehe akasimama mstarini na wengine, akachota udongo zamu yake ilipofika, akaumwaga, akampisha aliyekuwa nyuma yake. Tukamzika mama kwa adabu, na hakuna aliyecheka.